Mizani ya Ndege

Mtu hufundishwa na vitabu, hufundishwa na wenzake, na hufundishwa na makosa yake mwenyewe. Katika walimu hawa watatu, wa mwisho ndiye mkali kuliko wote, na karo yake haina msamaha. Nataka kueleza jinsi nilivyoilipa karo hiyo mbele ya wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwaka mmoja wanafunzi wa chama chetu cha sayansi waliniomba tuunde ndege ndogo ya kuongozwa kwa mawimbi ya redio. Walichagua mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Nilisita. Nilijiuliza kama ni vyema kuwapa vijana mfano wa chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuua. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, sisi tunapenda bawa lake, si bunduki zake." Neno lile lilinishinda. Kwa hakika bawa la Spitfire ni zuri. Lina umbo la duaradufu, pana karibu na kiwiliwili, likipungua taratibu mpaka nchani. Na uzuri huo una kazi, kwa kuwa hupunguza ukinzani wa hewa. Tukapatana kwamba ndege yetu haitakuwa na bunduki hata ya kuchora.

Mabawa ya ndege ya kweli yalikuwa na urefu wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Tuligawanya kila kipimo kwa 10, tukapata mita 1.12. Povu tulipewa bure dukani, lile jeupe linalofungashiwa runinga. Tulilikata kwa waya mwembamba uliopitishwa umeme hata ukapata moto. Ndani ya bawa tulitia ufito wa mbao, maana povu ni jepesi lakini halivumilii kupindwa. Gundi tuliijaribu kwanza juu ya vipande vya kutupa, kwani gundi nyingine huliyeyusha povu kama jua liyeyushavyo siagi.

Kisha ikaja kazi ya nguvu. Betri yetu ya lithiamu ilikuwa na seli 3, kila moja ya volti 3.7, jumla volti 11.1. Mota ilipozunguka kwa kasi yote ilivuta ampea 25. Wanafunzi walizidisha, wakapata karibu wati 278, nguvu ya kutosha kwa ndege yenye uzito wa kilo 1. Je, nguvu hiyo ingedumu kwa muda gani? Akiba ya betri ilikuwa ampea-saa 2.2, walipoigawanya kwa 25 walipata dakika 5 na kidogo. Tukaweka sheria ya kutua dakika ya 4, kwa sababu betri ya namna ile ikikaushwa kabisa huharibika. Wala hatukuiacha peke yake ilipokuwa ikichajiwa, maana ikikosewa huweza kuwaka moto.

Siku mbili kabla ya kurusha, mvulana mmoja mkimya wa kidato cha pili aliiinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Mkia ukashuka. "Mwalimu," akasema, "mkia ni mzito. Pua ya Spitfire ni fupi. Yafaa betri isogezwe mbele."

Kuisogeza betri kulitaka tuchimbe upya povu la puani, na mimi nilikwisha waalika wazazi. Nikamjibu mbele ya wenzake, "Kijana, mwanafunzi hamfundishi mwalimu wake. Mota ina nguvu, itaivuta." Akanyamaza, akaiweka ndege mezani kwa adabu.

Siku ikafika. Ruhusa ya kurusha tulikuwa nayo, na anga lilikuwa jeupe. Msichana mmoja aliirusha ndege kwa mkono kuelekea upepo. Pua ikapanda, ikazidi kupanda. Nilisukuma usukani ishuke, isishuke. Mwendo ukapungua, mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba, ndege ikalala upande mmoja na kuanguka. Haikukaa angani kwa pumzi tatu.

Mzazi mmoja akanifariji, "Ni upepo, mwalimu." Nami, ole wangu, nikaitikia kwa kichwa. Baadhi ya watoto walicheka. Yule mvulana hakucheka. Alikuwa amepiga magoti nyasini akiokota vipande, kimoja kimoja, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Usiku ule sikulala vizuri. Ndege ilianguka kwa kosa moja, lakini mimi nilikuwa na makosa mawili: kukataa ukweli kwa kiburi, kisha kuusingizia upepo. Jumatatu nilisimama mbele ya chama nikasema, "Upepo haukuwa na hatia. Mwenzenu aliniambia kweli, nikamwaibisha. Namwomba radhi." Mvulana aliinamisha kichwa, kisha akaniuliza kama gundi ipo.

Tuliunganisha vipande. Yeye mwenyewe alichimba pua, akaisogeza betri mpaka ndege ikakaa sawa juu ya vidole vyake, vikiwa takriban robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Safari hii aliirusha yeye. Ilipanda kwa utulivu, ikazunguka kiwanja, na dakika ya 4 ikatua nyasini. Ikining'inia leo katika maabara yetu, mshono wa gundi bado unaonekana ubavuni mwake, nami sikutaka upakwe rangi.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuwa nimefikiri kwamba mkuu huyo aweza kuwa mtoto wa kidato cha pili. Msomaji kijana, ukiujua ukweli, useme kwa adabu. Na siku utakapokuwa mkubwa, uusikilize hata ukisemwa na mdogo. Ndege haiulizi nani mwalimu na nani mwanafunzi. Huuliza uzito uko wapi.