Tulare: Nyumba, Ramani na Maji

Msafiri atokaye Los Angeles kuelekea kaskazini huvuka milima, kisha huteremka katika bonde pana la San Joaquin. Baada ya mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, barabara kuu ya 99 humfikisha katika wilaya ya Tulare, jimbo la California. Mashariki husimama milima ya Sierra Nevada, na chini yake bustani za michungwa. Magharibi ni nchi tambarare ya mizabibu, milozi na ng'ombe wa maziwa. Wakati wa kipupwe ukungu hutanda hata dereva asione gari lililo mbele yake, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 38.

Nchi hii ni tajiri kwa mazao, lakini wengi wanaoyavuna ni vibarua wa ujira mdogo, hasa wenye asili ya Meksiko. Kwao kupata kazi ya msimu ni rahisi kuliko kupata nyumba ya kudumu.

Ni kwa ajili ya watu wa namna hii kwamba Serikali ya Marekani huwakopesha wakazi wa shamba fedha za nyumba. Sheria ya mwaka 1949 iliikabidhi Wizara ya Kilimo kazi hiyo. Mwanzoni mkopo ulikuwa wa wakulima peke yao. Mwaka 1961 mlango ukafunguliwa kwa wakazi wengine wa vijijini. Leo ipo mikopo ya namna mbili. Katika namna ya kwanza, Wizara yenyewe humkopesha mtu wa kipato cha chini, alipe kwa miaka 33 au hata 38, na msaada wa Serikali waweza kuishusha riba anayolipa hadi asilimia 1. Katika namna ya pili benki ndiyo itoayo fedha, nayo Serikali husimama mdhamini wa asilimia 90 ya mkopo. Hapo kipato cha jamaa nzima kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha mahali hapo. Katika namna zote mbili, anayestahili hadaiwi malipo ya kutanguliza, na hayo ndiyo yanayowashinda wengi.

Basi mume na mke watakao nyumba huanza safari yao kwenye ramani ya Wizara. Kila nyumba ama imo ndani ya mpaka, ama iko nje. Kwa kawaida mji unaokubaliwa ni wa watu wasiozidi 10,000, ingawa iko miji iliyo mbali na majiji inayoruhusiwa kuzidi hapo. Visalia, makao makuu ya wilaya, una watu zaidi ya 140,000, kwa hiyo hautazamwi. Wanunuzi huendelea na barabara ya 99 hadi miji midogo kama Pixley na Earlimart. Huko nyumba ni za chini, nyua zina mbwa na miti ya matunda, na shamba huanza pale mtaa unapokoma.

Hata hivyo, kuwamo ndani ya ramani ni nusu tu ya safari. Nyumba yenyewe lazima iwe ya kiasi, imara, ya kukaa mwenyewe wala si ya biashara. Iwe na njia ya kuifikia, mahali pa kupitisha maji machafu, na maji safi ya kunywa. Katika Tulare sharti hili la mwisho ndilo zito. Ukame ulipozidi mwaka 2014, visima vya mamia ya nyumba za East Porterville vilikauka. Watu waliokuwa na kuta nzuri na mabati mazuri wakawa wanaoga kwa ndoo na kunywa maji ya chupa, mpaka walipoanza kuunganishwa na mabomba ya mji jirani mwaka 2016.

Somo hilo si geni wilayani. Magharibi ya Earlimart kuna Allensworth, mji ulioanzishwa mwaka 1908 na Luteni Kanali Allen Allensworth. Mzee huyu alizaliwa mtumwa huko Kentucky mwaka 1842, akatumika jeshini kama kasisi, akastaafu mwaka 1906 akiwa na cheo ambacho hakuna Mwamerika mweusi aliyekifikia kabla yake. Alitaka watu weusi, wakiwamo askari wenzake waliostaafu, wawe na ardhi na nyumba zao wenyewe. Wakajenga shule, maktaba na kanisa. Lakini kampuni ya maji haikuwapa maji ya kutosha, mwaka 1914 kituo cha gari moshi kikahamishwa, na mwaka huohuo mzee akafariki kwa ajali. Mwaka 1966 maji yao yakaonekana yana sumu ya arseniki. Nyumba za zamani leo zimehifadhiwa na jimbo kama kumbukumbu, na kando yake bado wanaishi watu mia kadhaa.

Hata hivyo, wilaya hiyohiyo ina habari ya kutia moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, familia chache za vibarua huko Goshen, karibu na Visalia, zilijenga nyumba zao kwa mikono yao kwa mkopo huu wa Serikali. Mpango huo ukaenea nchini. Familia kadhaa huungana, nazo hufanya asilimia 65 ya kazi, jioni na siku za mapumziko, zikiongozwa na fundi. Jasho lao ndilo akiba yao. Na iko kanuni moja: hakuna ahamiaye kwake mpaka nyumba ya mwisho imalizike. Aliyemaliza kupaka rangi huchukua nyundo akamsaidie jirani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wanaotafuta nyumba katika Tulare huangalia ramani kwanza, hufungua bomba pili, kisha hutazama ni nani atakayekuwa jirani.