Tulipopima Damu Dirishani

Nilipoanza kazi katika maabara ya hospitali ya wilaya, miaka ya 1980, wingi wa damu, yaani hemoglobini, tuliupima dirishani. Chombo kilikuwa cha Sahli, tabibu wa Uswisi aliyekibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Unamchoma mgonjwa kidole, unavuta damu mikrolita 20 kwa pipeti, kwa mdomo, unaipulizia polepole ndani ya tyubu yenye asidi ya haidrokloriki. Damu inageuka kahawia. Unasubiri kama dakika kumi, kisha unaongeza maji tone kwa tone, unakoroga, unainua tyubu kwenye mwanga na kuilinganisha na vioo vya kahawia vilivyo pembeni yake. Rangi zikilingana, unasoma mstari.

Zikilingana machoni pa nani? Siku ya mawingu na siku ya jua kali hazikutoa jibu moja. Mwenzangu alisoma juu kidogo kuliko mimi karibu kila mara, na sote tulikuwa makini. Majibu tuliyaandika kwa asilimia, ilhali watengenezaji wenyewe hawakukubaliana asilimia 100 ni gramu ngapi za hemoglobini: wengine walihesabu 14 na ushei kwa desilita, wengine 17. Kwa hiyo mjamzito wa asilimia 70 alikuwa na gramu 10 kwa chombo hiki, karibu 12 kwa kile. Mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito ulikuwa gramu 11.

Wodi ya watoto ndiyo iliyonifanya nilichukie dirisha lile. Msimu wa mvua watoto waliletwa na malaria, viganja vyeupe, wakihema, na ndugu wakajipanga kutoa damu. Kisha ukaja UKIMWI, na kila chupa ya damu ikawa na hatari yake. Daktari alikuja mwenyewe mpaka mlangoni: "Dada, huyu ana gramu nne au ana sita?" Uamuzi wa kumwongezea au kumwacha ulitegemea jibu hilo, na ndani ya tyubu ile nne na sita zilitenganishwa na matone machache ya maji.

Kolorimita, mashine inayopima mwanga, ilipofika, jicho lilipumzika. Damu tuliichanganya na dawa ya Drabkin, maji ya manjano yenye sianidi yanayohifadhiwa kwenye chupa nyeusi. Hemoglobini karibu yote inageuka kuwa ya aina moja, inayofyonza mwanga wa kijani wa nanomita 540; damu ikiwa nyingi, mwanga unaopenya unapungua, na sindano inasema umepungua kiasi gani. Grafu ya kugeuza namba ya sindano kuwa gramu tuliibandika ukutani. Kuveti, kijichupa cha kioo cha kupimia, tuliifuta kwa kitambaa laini kabla ya kila kipimo, maana alama ya kidole kwenye kioo ilitosha kumpa mgonjwa damu asiyokuwa nayo. Umeme ukikatika, tulirudi dirishani.

Baadaye tukaletewa HemoCue, mashine ya Sweden inayoshikika mkononi na kutumia betri. Kuveti yake ya plastiki inajivutia damu yenyewe, mikrolita 10 hivi, na dawa imo ndani tayari, imekauka. Inapima kwa mawimbi mawili ya mwanga ili ukungu wa damu usipotoshe jibu. Mimi na yule mwenzangu tulipima damu ya chupa moja, na kwa mara ya kwanza tukaandika karibu namba ileile. Mama mjamzito alipata jibu lake kabla hajainuka kitini. Sijaona badiliko lililonifurahisha zaidi katika kazi hii.

Lakini kuveti hizo haziwezi unyevu, na pwani unyevu haukosekani. Kopo likiachwa wazi, dawa inaharibika, na mashine inaonyesha namba safi kabisa isiyo ya kweli. Zaidi ya hapo, kuveti ni za kununuliwa kila mara. Nimefika katika zahanati ambako mashine ni nzima, kuveti zimekwisha, na muuguzi anamshusha mama kope la chini aangalie wekundu. Kuveti ziagizwe kwenye fomu ileile ya vidonge vya madini chuma vya wajawazito, zifike siku moja navyo.