Kinywa Kiwapo Ala: Tathmini ya Albamu ya Radio

Mwimbaji aliyezikataa ala hana pa kujificha. Gitaa laweza kuufunika ubeti uliolegea, na ngoma yaweza kuusukuma mshororo usio na uzito. Sauti tupu hulianika neno lilivyo. Ndivyo ilivyo katika Radio, albamu ya mwaka 2006 ya Wise Guys, kundi la wanaume watano wa mjini Köln, Ujerumani, lililochipuka miongoni mwa wanafunzi wa shule na kudumu hadi 2017. Ubora wa albamu hii na udhaifu wake vina chanzo kimoja.

Kifani, kazi imepevuka. Besi ya Ferenc Husta ndiyo msingi, vinywa vingine huiga ngoma na matoazi, na sauti za juu hupokezana viitikio. Matamshi ni bayana mno, na si ajabu kwamba walimu wa Kijerumani wamezitumia nyimbo za kundi hili madarasani.

Wimbo unaostahili kukaliwa kitako ni "Denglisch", jina lililofinyangwa kutokana na Deutsch na English. Nafsineni inamlilia Mungu airejeshewe lugha yake iliyoporwa na Kiingereza, na kilio chenyewe inakitoa nusu kwa Kiingereza. Kinaya hakiishii hapo, kwani walalamikaji wamejibatiza jina la Kiingereza. Haiyumkiniki kwamba Daniel Dickopf, mtunzi wa mashairi mengi ya kundi, hakuliona hilo. Yamkini ndiye anayejicheka kwanza. Aidha, mchanganyiko wa aina hii una kanuni zake: katika mazungumzo ya Wajerumani, kitenzi cha Kiingereza huvishwa viambishi vya Kijerumani na kutii sarufi ya mwenyeji. Msikilizaji wa Nairobi aliyeizoea Sheng, ambamo neno geni hupachikwa viambishi vya Kiswahili, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Tena wimbo unaokilaani Kiingereza ndio pekee unaomwachia mlango nusu wazi msikilizaji huyo asiyejua Kijerumani! Kwingineko, mizaha hiyo hufa mara inapotafsiriwa.

Hata hivyo, palipo na mapenzi, mashairi hulegea. Hisia hutajwa badala ya kujengewa taswira, na kwa kuwa hakuna fidla wala kinanda cha kuziba pengo, ulegevu husikika mara mbili. Hizo ngoma za mdomo nazo huleta tatizo la kiujumi: kadiri zinavyofanana na ngoma halisi ndivyo msikilizaji anavyosahau kwamba anasikiliza vinywa, na kundi hujinyima upekee wake.

Wahakiki hupenda kuwalinganisha waimbaji hawa na Comedian Harmonists wa Berlin, kundi lililoanzishwa 1927 na Harry Frommermann. Mlinganisho huo una kasoro, kwani wale walikuwa na mpiga piano. Vilevile, watatu kati yao walikuwa na asili ya Kiyahudi, na ingawa nyimbo zao za kuchekesha hazikuwa za kisiasa, utawala wa Wanazi ulilizima kundi hilo mwaka 1935. Si haki kuidai Radio gharama ya namna hiyo. Lakini tashtiti yake humkwaruza kila mtu kidogo na haimjeruhi yeyote, na hata katika "Denglisch" aliyeipora lugha hatajwi.