Python, halua na aina za data

Siku hizi naandika programu ya mauzo ya duka moja la halua hapa Mji wa Kale, na ubishi wa aina za data umerudi tena. Wenzangu wanaipenda Python kwa sababu haikuulizi hiki ni namba au maandishi. Mimi pia naipenda, ila hebu tazama hapa.

Bei ikitoka kwenye fomu huja kama maandishi. Sasa "400" mara 3 kwa Python si 1200. Ni "400400400", na haitoi kosa lolote! Imeyarudia maandishi mara tatu, basi. Na mteja kasimama anangoja risiti.

Tangu Python 3.5 ya mwaka 2015 kuna njia rasmi ya kutaja aina, unaandika bei: int, idadi: int. Programu ikishaanza kazi, Python yenyewe haiyajali hayo. Anayejali ni mypy, anayesoma msimbo kabla haujaendeshwa na kukuonyesha mstari uliopeleka maandishi penye namba. Ni kama mzee wa Mombasa ukimwambia "kitabu yangu": amekuelewa, lakini atakurekebisha hapo hapo.

Wapo wanaosema ni kazi ya ziada. Kwa programu ya mistari 20 nakubali, hata mimi siandiki. Hii ya duka lakini itakuja kushikwa na kijana mwingine, nami sitakuwepo kumweleza. Namba za simu nimeziandika str makusudi: 0722 ikigeuzwa int, sifuri ya mbele inapotea.