Kugeukia Meza Kuu

Hesabu ilikuwa nne. Ruka, ruka, ruka, ruka, kisha geuka. Niliifundisha kwa filimbi ya michezo, Novemba ya mwaka 1979, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi upande wa Basotu, wilayani Hanang, na wasichana kumi na wawili wa Kibarbaig wakaishika kwa siku mbili tu. Nilijisifu sana. Leo nina miaka sabini na minne, na wengi wa waliokuwapo uwanjani pale wameshatangulia, kwa hiyo nieleze ilivyokuwa kabla sijasahau hata mimi.

Kwanza, mimi si Mbarbaig. Ni Mwiraqw wa Dongobesh, Mbulu, mtoto wa mahindi na baridi. Kwetu neno lilipewa uzito kuliko mguu. Jambo kubwa halikufunguliwa bila slufay, ile sala ndefu ya mafumbo anayoisema mzee mmoja huku kundi zima likimwitikia, na mtoto aliyethubutu kucheka katikati yake alikumbushwa kosa hilo wiki nzima. Ngoma za vijana zilikuwapo, usiku wa mbalamwezi baada ya mavuno, lakini baba yangu alikuwa katekista, hivyo mimi nilizisikilizia kitandani. Bibi yangu alikuwa na sketi ya ngozi iliyotiwa shanga nyeupe na nyekundu, masalia ya marmo, unyago wa wasichana wa Kiiraqw ulioachwa kabla sijazaliwa. Nilimwomba aniimbie japo wimbo mmoja wa huko. Akasema hizo hazikuwa nyimbo za masikio ya mvulana, akaenda nazo kaburini, na sketi ikachukuliwa na mgeni mmoja aliyelipa shilingi arobaini.

Mwaka 1976 nikapangiwa kazi Hanang. Ukitoka Mbulu ukashuka kule, dunia inafunguka: tambarare mpaka macho yachoke, na mlima Hanang, mita 3,417, umesimama peke yake kama mtu aliyesusa. Mama alilia niliposema naenda kwa Wamang'ati. Jina hilo waliwapa Wamasai na maana yake ni adui. Wenyewe hujiita Wadatoga, na hawa wa Hanang ni Wabarbaig. Kati yao na sisi palikuwa na hesabu ndefu ya ng'ombe walioibwa pande zote mbili, ingawa kila upande ulikumbuka wa kwake tu.

Ngoma yao ya kwanza niliiona mwezi wangu wa tatu, nikiwa nimealikwa na mzazi mmoja. Nilifika nikatafuta ngoma kwa macho, maana ile ya kupiga, ya ngozi na mti, sikuisikia. Haikuwapo. Usiku kucha hapakuwa na kitu kilichopigwa isipokuwa viganja, na ardhi chini ya miguu. Vijana wa kiume walisimama mstari mmoja na fimbo zao, wasichana mstari wa pili, nyuso kwa nyuso. Mmoja akaanza kuimba, sauti nyembamba ya kupanda, habari za dume lake la ng'ombe, rangi yake, pembe zake, mahali lilipomfuata. Wengine wakampokea kwa mvumo wa kooni ambao niliuhisi kifuani kabla haujafika masikioni. Kisha wakaruka. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba kuruka ni kwa wanaume, kama morani. Hapa wasichana nao waliruka, wima, miguu pamoja, koili za shaba shingoni na mikononi zikipiga mlio mdogo kila waliposhuka. Wavulana na wasichana walikuwa wakijibizana kwa miguu.

Jambo nililolichukulia dogo usiku ule ni kwamba sisi watazamaji tulionyeshwa migongo. Ukitaka kuona uso wa mchezaji ilibidi uingie mstarini nawe uruke. Nilijaribu. Walicheka mpaka wimbo ukakatika.

Nyimbo zao nyingine hazikuwa za kucheka. Mwaka uliofuata niliruhusiwa kusimama mbali kidogo kwenye bung'eda ya mzee mmoja mkubwa. Wabarbaig hawamjengei kila mtu. Ni heshima ya wachache, kichuguu cha fito na udongo kinachopandishwa juu ya kaburi mpaka kimzidi mtu kimo, na kazi hiyo, pamoja na pombe ya asali na mikusanyiko ya koo, huchukua miezi kama tisa. Wakati huo wote marehemu anaimbiwa. Nilimuuliza mwenyeji wangu maneno yanasemaje, naye akanitafsiria kidogo kisha akaacha. Akasema, "Mwalimu, huyu anasindikizwa. Ukiulizauliza njia nzima utamchelewesha."

Nami sikuuliza tena. Lakini nilijua kaburi lile liko wapi, na hilo litanirudia mbele.

Sasa ngano. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang kwa msaada wa Kanada: fedha, wataalamu, matrekta, kombaini. Yakafika mashamba saba, kila moja likikaribia ekari 10,000. Nchi ilihitaji mkate, na mimi mwenyewe niliwafundisha watoto hivyo darasani, nikachora suke la ngano ubaoni kwa chaki ya njano. Ardhi iliyochaguliwa ndiyo ile yenye rutuba ambayo Mbarbaig alihamishia ng'ombe wake kwa zamu, msimu hadi msimu. Kwa kuwa siku wataalamu walipopita hapakuwa na mtu wala boma, iliandikwa kuwa ni tupu.

Kwenye karakana ya shamba moja alikuwako fundi Singasinga. Wote tulimwita Fundi, basi. Alizaliwa Arusha; baba yake alikuwa seremala aliyetoka Jalandhar, Punjab. Alikuwa na kilemba cha buluu kilichojaa grisi na Kiswahili safi kuliko changu. Jumamosi nilikuwa nakwenda kwake kusikiliza redio.

Jioni ya mwisho ya mavuno, Julai 1978, Fundi alichukua debe tupu la mafuta, akalining'iniza shingoni kwa kamba ya manila, akaokota fimbo mbili, nene mkono mmoja na nyembamba mkono wa pili, akaanza kulipiga pande zote mbili. Akasema kwao kifaa hicho kinaitwa dhol na kina ngozi huku na huku, ya upande mmoja ikiguna, ya upande wa pili ikilia. Kisha akampa debe kijana wa stoo, akamwelekeza pigo, mwenyewe akaingia katikati ya uwanja uliojaa makapi. Mabega yakapanda na kushuka, mikono juu, goti hewani, kilemba kikitishia kuanguka. Mtu wa miaka hamsini, tumbo lake hilo! Wafanyakazi wakashangilia. Alipokuja kuketi, akihema, aliniambia hiyo ni bhangra: kwao ngano huvunwa Aprili, sikukuu ya Vaisakhi, na mkulima aliyevuna asiporuka watu humuuliza kama ana mgonjwa nyumbani. Wanawake nao wana giddha yao, duara la makofi, ambamo mmoja hutupa beti fupi za utani, mara nyingi za kumsema mama mkwe, wawili wakaingia katikati. Aliwahi kuwaona wasichana wa Kibarbaig wakipiga makofi njiani akamkumbuka mama yake.

Pembeni yangu alisimama mlinzi wa karakana, mzee wa Kibarbaig, shuka begani.

"Anashukuru nini?" akaniuliza.

"Ngano, mzee."

Akatazama miguu ya Fundi kwa muda. "Hapo anapokanyaga tulikuwa tunaruka sisi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayekuonyesha nyumba yake ya zamani.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Fundi, ambaye wakati huo alikuwa amerudi Arusha na amestaafu, kama bhangra alifunzwa na baba yake. Akacheka. Baba yake alikuwa mtu wa randa na sala, hakuwahi kucheza. Yeye aliiokota kwenye harusi za Arusha na kwenye sinema, filamu ya Naya Daur ya 1957, aliyoiangalia mara sita. Nami baadaye nikasoma kwamba wachezaji wale wa sinema walikuwa kikundi kilichoundwa Patiala mwanzoni mwa miaka ya 1950. Punjab ilikuwa imekatwa vipande viwili mwaka 1947, vijiji vingi vya bhangra ya zamani, kama vile vya Sialkot, vikabaki Pakistani, na wakimbizi wakaja na miguu yao. Mtawala wa Patiala akawapa hifadhi na fedha wachezaji waliochanganya mitindo ya sehemu mbalimbali kuwa mchezo mmoja wa jukwaa; mwaka 1954 wakauonyesha Delhi katika gwaride la Sikukuu ya Jamhuri. Kutoka hapo ikaenda vyuoni, ikaenda Uingereza, na miaka ya 1980 vijana wa Southall wakaichanganya na sintesaiza. Hiyo ndiyo bhangra inayojulikana duniani. Niliposoma habari hizo nilifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa najua kazi ile inavyofanyika. Nilikuwa nimeifanya.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962 akitaka tuache kuona haya kwa ngoma zetu, na sisi walimu vijana tulikubaliana naye kwa moyo wote. Kila sherehe ilitaka ngoma. Kwa Siku ya Uhuru ya 1979 shule yetu ikaambiwa ipeleke kikundi mjini Katesh. Masharti yaliyoletwa na ofisa mmoja yalikuwa mepesi: dakika nane, wasichana peke yao ili wapendeze, ngozi hapana, khanga ndiyo, na mgeni rasmi asipewe mgongo.

Nikakata. Wimbo wa dume la ng'ombe, unaoweza kwenda saa nzima, nikaubakiza beti tatu, na katika ubeti wa tatu nikaingiza maneno ya kilimo bora. Hanang'weanda, sketi ya ngozi ya wanawake, ambayo kwao ina utakatifu wake na si nguo tu, nikaiacha nyumbani. Mstari wa wavulana nikaufuta. Hapo likatokea tatizo: wasichana wanaruka wakimtazama nani? Ndipo nikabuni ile hesabu. Nne wakitazamana mistari yao miwili midogo, halafu wote wageukie meza kuu, watabasamu. Binti mmoja mrefu, mwimbishaji, akaniuliza kwa nini wamgeukie mtu asiyeruka. Nikamwambia ndiye mgeni rasmi. Akafikiri. "Basi naye aruke," akasema, na wenzake wakaziba midomo kwa khanga.

Tulishinda. Zawadi ilikuwa mipira miwili.

Msimu uliofuata trekta zilipanua shamba upande wa magharibi. Nilipita kwa baiskeli nikatafuta ile bung'eda ya mzee. Mahali pake palikuwa na matuta yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Halikuwa hilo peke yake. Makaburi ya namna ile yaliyolimwa Hanang yalikuja kutajwa katika malalamiko yaliyofika hata nje ya nchi. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua. Ninayakumbuka zaidi maombi ya kina mama wa Kibarbaig, ghadoweeda, waliyoyafanya kiangazi kimoja: wanawake peke yao, fimbo mkononi, wakipita wakiimba kuomba mvua na uzima, na hakuna mwanamume aliyejaribu kuwakatiza. Njia yao ya zamani ilikatwa na shamba. Wakalizunguka, wakiimba, mchana mzima. Wimbo ule haukupunguzwa beti.

Nilihamishwa mwaka 1983, nikarudi Mbulu, nikaoa, nikafundisha mpaka nikastaafu.

Mwaka jana nilialikwa harusi karibu na Katesh. Bibi harusi ni mjukuu wa yule mwimbishaji mrefu, ambaye sasa ni bibi mwenye fimbo na macho yaleyale ya dharau. "Shikamoo mwalimu," aliniambia, huku akinitazama kama ninayepaswa kumwamkia yeye. Palikuwa na spika mbili kubwa kuliko mlango, DJ kutoka Babati, nyimbo za injili za Kiiraqw, Bongo Fleva, kila kitu. Jua lilipoanza kushuka DJ akazima akatangaza ngoma ya asili.

Wakatoka vijana, wavulana na wasichana, na hilo lilinifurahisha. Shuka nyekundu, shanga za dukani, shaba za kweli kwa mmoja wao. Wakaimba dume la ng'ombe. Beti tatu. Ruka, ruka, ruka, ruka.

Wakageuka wote kwa pamoja, wakatabasamu kuelekea upande wa kulia, ambako hapakuwa na meza wala mgeni rasmi, palikuwa na pikapu ya kukodi iliyopakia masufuria na mbuzi mmoja amefungwa kwenye gurudumu.

Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini wanageukia kule. Akanijibu kwa heshima, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba ndivyo Wabarbaig wanavyocheza tangu enzi za mababu.

Bibi alikuwa amekaa kando yangu. Nilitaka kusema. Akanigusa goti kwa ncha ya fimbo, taratibu, akasema kwa Kibarbaig neno ambalo baada ya miaka arobaini bado nilielewa: subiri. Wakamaliza dakika zao nane, DJ akanyoosha mkono kwenye mitambo yake, na yeye akasimama, akampa mjukuu wake fimbo aishike, akaingia katikati na kufungua ule wimbo upya kuanzia ubeti wa nne.