Amani Haingoji Kazi Iishe

Wasee, tuelewane mapema: amani ya roho si zawadi ya Ijumaa jioni. Wengi wetu tunaishi kama wiki ni jela na Jumapili ndiyo siku ya kutembelewa. Tunaenda Misa, tunaimba, tunajisikia fiti, halafu Jumatatu saa moja asubuhi tunamwacha Mungu kanisani na kwenda kazini peke yetu. Mimi naona hapo ndipo tunapopotea.

Nafanya kazi kwa stoo ya nafaka hapa Kitui mjini. Huku ndengu ndiyo pesa. Hupandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka, na kufika Januari na Februari magunia yanaanza kuingia. Kazi yangu ni kupepeta, kuchambua mawe, kupima na kushona magunia. Vumbi linajaa puani, mgongo unauma, na hakunanga mtu wa kupiga picha ya hiyo kazi aiweke mtandaoni. Niliomaliza nao shule wako Nairobi, na wakipiga simu swali ni lile lile: "Bado uko hapo?" Hiyo "bado" inauma, manze. Ni kama kuambiwa maisha yako hayajaanza.

Aliyenifungua macho ni susu wangu (nyanya, kwa wasio Wakamba). Yeye anaishi Makueni, na anajivunia sana kwamba tangu 2023 wana jimbo lao Katoliki, Jimbo la Wote. Susu husuka vyondo vya mkonge. Mtindo wake ni huu: kila mzunguko wa kiondo anautolea mtu. Huu ni wa mtoto wa jirani aliyelazwa. Huu ni wa mjomba wangu aliyepotelea Mombasa, hapigi simu. Huu ni wa marehemu babu. Hasimamishi kusuka ndio asali, wala hakimbizani na kiondo ndio apate nafasi ya kusali. Siku moja nilimuuliza kama hachoki. Akaniambia, "Nachoka mikono tu."

Nami nikaanza hivyo na magunia. Asubuhi nasema sala ya matoleo, kisha kila gunia nalipa jina la mtu. Halafu kuna hii kitu nilianza kuifikiria: jiwe moja nikiliacha ndani, kuna mtoto mahali fulani ataliuma akila chakula cha jioni. Simjui na hatawahi kunijua. Lakini nikilitoa lile jiwe, nimemtendea wema. Vumbi halijapungua, mgongo bado unauma, ila moyo umetulia. Sina neno lingine la kuiita isipokuwa amani.

Na msiseme ni mambo ya wazee wa kijijini. Wabenedikto wameunganisha sala na kazi tangu karne ya 6. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei, siku ile ile ya wafanyakazi. Huyo Yosefu hana hata neno moja alilonukuliwa kwenye Injili. Tunajua alikuwa fundi, na alifanya alichoambiwa na Mungu. Papa Yohane Paulo II naye, ujanani aliponda mawe kwenye machimbo huko Polandi na baadaye akafanya kazi kwa kiwanda cha kemikali. Mwaka 1981 aliandika waraka mzima kuhusu kazi, Laborem Exercens, na hoja yake moja kubwa ni kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, mtu hayuko kwa ajili ya kazi.

Sasa hapo ndipo kuna mtego, na nataka vijana wenzangu wausikie vizuri.

Kabla ya stoo hii niliajiriwa na mtu fulani, sitamtaja. Mshahara ulichelewa mwezi wa kwanza, ukachelewa wa pili. Tukiuliza, tunaambiwa tuvumilie, tumtolee Mungu, kwani hatujui kazi ni sala? Kanisani alikuwa anakaa viti vya mbele. Kilichoniumiza zaidi ni kuona wenzangu wakimwamini, wakifikiri kudai pesa yako ni kukosa imani.

Hapana. Katekisimu ya Kanisa inaweka kumdhulumu mfanyakazi mshahara wake kati ya dhambi zinazolilia mbinguni, orodha moja na mauaji. Papa Leo XIII aliandika juu ya haki za wafanyakazi tangu 1891, na Papa wa sasa, Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba waraka huo ni sababu moja ya kuchagua jina hilo. Kwa hivyo Kanisa lile lile linaloniambia niitolee Mungu kazi yangu, linamwambia bosi anilipe. Huwezi kuchukua nusu ya kwanza ukaacha ya pili.

Tulienda watatu, tukadai kwa heshima. Tulilipwa sehemu tu, na mimi nikaondoka. Lakini siku hiyo ya kudai nilikuwa na amani kuliko miezi miwili ya kunyamaza. Ile ya kunyamaza ilikuwa ganzi tu.

Utajuaje tofauti? Angalia mwethya. Wakamba tumekuwa tukifanya kazi kwa vikundi hivyo tangu zamani, na kwa mikono ya mwethya kumejengwa mabwawa mengi ya mchanga kwenye mito ya msimu ya Kitui na Makueni. Mnabeba mawe, mnajenga ukuta kukata mto, halafu mnangoja. Mafuriko yanaleta mchanga, msimu baada ya msimu, mpaka unajaa nyuma ya ukuta. Maji yanajificha ndani ya mchanga, ambako jua haliyafikii kwa urahisi, na kiangazi watu wanachota. Anayebeba jiwe leo huona ukuta mkavu tu. Lakini anajua maji yatanywewa na nani: na watoto wake, na wa jirani, na mbuzi wao.

Kwa hivyo kazi ikikuchosha, jiulize swali hili: nani anakunywa hayo maji? Kama jasho lako linamfikia mtu, na wewe pia unapata kikombe chako, hiyo kazi itoe kwa Mungu bila aibu, hata kama ni kufagia, hata kama wasee wa Nairobi wanaicheka. Kama kuna mtu mmoja tu anakunywa huku nyinyi wote mnakauka, sali, halafu nenda ukadai.

Jumatatu ukifika kazini, chagua mtu mmoja na umtolee saa yako ya kwanza. Wewe utaanza na nani?