Mashine ya makapeti

Wadau, binamu yangu wa Mvumi kauza mbuzi wake wote, anataka kununua mashine ya kusafishia makapeti, ile ya brashi moja ya duara. Nimemwambia akwepe zenye mwendo mkali. Za kung'arishia sakafu huzunguka mara 1,000 na zaidi kwa dakika. Zitaunguza kapeti la mtu, na fidia atalipa kwa mbuzi gani? Ya mizunguko 175 inamtosha, na brashi laini.

Halafu vumbi la Ugogoni mnalijua. Likung'utwe kapeti likiwa kavu, la sivyo sabuni inakoroga tope. Maji kidogo tu, lisije likanuka.

Kuiendesha? Inua mpini kidogo inakwenda kulia, ushushe inakwenda kushoto. Ukishindana nayo inakuburuza hadi ukutani.